Mtafute Ndugu wa Donda

Alfajiri pale mwaloni Kirumba, Mwanza, boti za dagaa zikishafunga kamba na wapagazi wakajipanga, kila mtu hutazama magunia. Wewe tazama miguu. Haitachukua muda utauona mguu mmoja uliozungushiwa kipande cha kanga kuukuu, juu yake karatasi ya nailoni, kisha vyote vikasukumiwa ndani ya yeboyebo. Mwenye mguu anapanda na kushuka na gunia kama wenzake. Muulize kidonda kilianza lini, hatakutajia tarehe. Atakwambia ni tangu masika ya mwaka juzi. Muulize amekitibu kwa kitu gani, hapo atatua mzigo kwanza, maana orodha ni ndefu: unga wa kapsuli ya rangi mbili, GV, spiriti, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, asali, mafuta ya taa, sindano tano za duka la dawa, kisha GV tena.

Katika orodha hiyo yote, karibu kila kitu kimemiminwa juu ya kidonda, na hata zile sindano zilichomwa kwa ajili ya kidonda. Hakuna hata kimoja kilichouliza habari za mtu.

Kiswahili kina jina la kidonda cha aina hii: donda ndugu. Wanasiasa wamelichukua, kila siku tunasikia rushwa ni donda ndugu, migogoro ya ardhi ni donda ndugu, hadi tunakaribia kusahau kwamba ni jina la maradhi ya mwili. Mimi nalirudisha mguuni, na ninalisoma hivi: donda la namna hii haliishi peke yake. Lina nduguye, naye amejificha kwingine, kwenye sukari ya damu, kwenye mshipa uliozibika, kwenye neva iliyokufa, kwenye mfupa uliooza, mara nyingine kwenye saratani. Unaweza kulihudumia donda mwaka mzima kwa dawa nzuri na lisisogee, maadamu nduguye analilisha usiku na mchana. Hivyo kidonda kinapogoma kupona, swali la kwanza si "nipake nini?" Swali ni "huyu ni ndugu wa nani?"

Mafundi na tingatinga

Ngozi haiponywi na dawa. Ngozi hujiponya, na dawa iliyo bora kuliko zote huondoa kizuizi tu. Mvuvi mwenye afya akichomwa na mwiba wa gogogo wakati anamtoa wavuni, mwili huanza kazi kabla hajamaliza kulalamika. Ndani ya dakika chache damu inaganda. Siku zinazofuata chembe nyeupe za damu hufika kwa wingi kuua vijidudu na kuondoa nyama mfu. Ndiyo maana jeraha huvimba, hupata joto na kuwa jekundu. Kisha huja mafundi: seli zinazofuma nyuzi za kolajeni, vijishipa vya damu vinavyochipua, na chini ya kidonda hutokea nyama nyekundu yenye punje punje. Ngozi mpya hutambaa kutoka kingo kuelekea katikati. Kovu huendelea kujikaza kwa miezi, hata kupita mwaka, ingawa halirudi kuwa ngozi ileile: nguvu yake huishia kwenye asilimia 80 hivi ya ngozi ya awali.

Kidonda sugu nacho kilianza safari hii, ila kimekwama kwenye hatua ya usafi. Chembe nyeupe zinaendelea kumwaga vimeng'enya vya kula uchafu, na uchafu ukiisha vinakula hata kolajeni iliyofumwa jana. Ni kiwanja ambacho tingatinga la bomoabomoa limeachwa likiwaka huku mafundi wameshafika: tofali la asubuhi linasombwa jioni.

Bakteria nao wana ujanja wao. Kwenye kidonda cha muda mrefu hawaelei mmoja mmoja. Hufuma utando unaoteleza na kujificha chini yake. Antibaiotiki hupenya utando huo kwa shida, na chembe nyeupe hushindwa kuufikia. Ukikwanguliwa, hufumwa upya ndani ya siku mbili au tatu. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza dozi tatu za vidonge tofauti, kila dozi ikaleta nafuu ya wiki moja, kisha harufu ikarudi.

Nani basi ameliacha tingatinga likiwaka? Hapo ndipo tunapoanza kuwataja ndugu, mmoja baada ya mwingine.

Mguu usiosikia

Mwaka 2011 madaktari wa upasuaji wa Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa iliyopo juu ya kilima tangu 1971, walichapisha hesabu ya vidonda vya miguu kwa watu wenye kisukari. Kati ya wagonjwa 4,238 wa kisukari waliohudhuria katika kipindi walichokichunguza, 136 walikuwa na vidonda miguuni. Ukisoma haraka utasema ni wachache. Lakini zaidi ya nusu yao walifika kidonda kikiwa kwenye madaraja mawili ya mwisho, yaani sehemu ya mguu au mguu wote umeshakufa. Zaidi ya asilimia 70 walitibiwa kwa upasuaji, na upasuaji uliofanyika mara nyingi kuliko mwingine wowote ulikuwa wa kukata kiungo.

Kwa wengi wao, asilimia 57, mzizi ulikuwa neva. Sukari ikikaa juu miaka mingi huua neva za miguu kuanzia vidoleni. Mwanzo miguu huwaka moto usiku, halafu inakuja ganzi, halafu kimya. Mgonjwa anafurahi kwamba ule moto umekwisha, kumbe kengele ndiyo imekatwa waya. Sasa msumari unapenya kandambili na yeye anaendelea na safari. Punje ya jiwe inakaa ndani ya kiatu kuanzia Buzuruga hadi Igoma. Katika miaka ya 2000, Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya wakiwa usingizini, wakashtuka asubuhi kwa kuiona damu. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mtu huyu hakuudharau mwiba, hakuusikia.

Kwenye ukoma tulikwisha kupewa jibu la fumbo hili. Paul Brand, daktari wa upasuaji Mwingereza aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, alikuta imani kwamba nyama ya mgonjwa wa ukoma ni mbovu, inaoza yenyewe. Akachunguza, akaona nyama hiyo inapona kama ya mtu mwingine yeyote ikipewa nafasi. Kilichokosekana ni maumivu. Mtu anayesikia maumivu huchechemea, na kule kuchechemea ndiko kunakoupumzisha mguu. Asiyesikia hukanyaga kidonda chake siku nzima kwa uzito wote wa mwili. Brand na wenzake wakaeneza njia ya kuufunga mguu ndani ya plasta ngumu, ile ambayo mitaani tunaiita hogo, uzito ugawanyike kwenye mguu wote badala ya kuangukia sehemu moja. Vidonda vya miaka vikaziba bila dawa mpya yoyote. Hadi leo njia hiyo ni miongoni mwa zinazoheshimika kuliko zote kwa kidonda cha unyayo cha mwenye kisukari, mradi ifungwe na aliyefunzwa, kidonda kisiwe na usaha, na damu iwe inafika mguuni.

Rudi sasa kwa mpagazi wetu wa Kirumba. Akiwa na kisukari na kidonda chake kikiwa unyayoni, kila gunia analobeba linafungua kilichofungwa usiku. Mpe asali ya Tabora, mpe sindano ya bei kubwa kuliko zote dukani. Kama bado anakanyaga, hujamtibu.

Damu isiyofika, damu isiyorudi

Ndugu wawili wanaofuata wanafanana sura kiasi cha kuwapoteza hata wahudumu, na kuwachanganya kuna gharama kubwa.

Wa kwanza ni mshipa unaopeleka damu mguuni, uliozibika kwa sigara, kisukari, shinikizo la damu na umri. Mguu wake ni wa baridi, ngozi inang'aa na imepoteza vinyweleo. Mtu anashikwa na maumivu ya misuli anapopanda vilima vya Mabatini, anasimama, yanapoa, anaendelea. Ugonjwa ukikomaa maumivu huja kitandani, naye hupata nafuu akiuning'iniza mguu chini. Kidonda chake hukaa kwenye ncha za vidole au kisigino. Kimepauka au ni cheusi, na hakitoi damu hata kikiguswa.

Wa pili ni mshipa unaorudisha damu moyoni. Ndani yake kuna vilango vinavyozuia damu isishuke tena. Vikiharibika, damu hutuama miguuni kama maji ya mtaro ulioziba. Mguu huu ni wa joto, huvimba kufikia jioni, na ngozi juu ya kifundo, hasa upande wa ndani, imeiva rangi na kuwa ngumu. Huwapata wanaosimama kutwa nzima, akina mama waliozaa mara nyingi, na waliowahi kuganda damu mguuni. Kidonda ni kipana, hakina kina, na kinalowanisha kila kitambaa.

Tiba ya huyu wa pili ni kubana. Bandeji yenye mvutano inafungwa kutoka vidoleni hadi chini ya goti, kwenye kifundo ikazwe zaidi, juu ilegezwe, na mtu atembee, kwa sababu misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu ya kurudisha damu. Akikaa, miguu iinuliwe. Ukimfunga hivyohivyo yule wa kwanza, umekizima kijito kidogo cha damu kilichosalia, na unaweza kuuua mguu kwa mkono wako. Bandeji moja inaokoa mguu huu na kuupoteza ule. Ndiyo sababu kabla ya kubana lazima mtu aguse mapigo ya damu juu ya unyayo, na yasiposikika vizuri, apime shinikizo la damu kifundoni alilinganishe na la mkononi. Hapa hakuna dawa ya kupaka inayoweza kumsaidia mhudumu ambaye hajauliza.

Wanaosahaulika

Yupo selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu watoto wadogo wa mikoa ya kaskazini-magharibi ulionyesha kwamba takribani mmoja kati ya watano amebeba nusu ya urithi huo, na zaidi ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Wanaokua hadi ujana, baadhi yao hupata vidonda juu ya kifundo vyenye maumivu makali, vinavyofunga na kufunguka miaka nenda rudi. Kijana wa Ukerewe mwenye kidonda mahali hapo, mwembamba, macho ya manjano, apimwe damu kwanza kabla hajafungwa bandeji kama mama wa miaka 60.

Yupo mfupa. Bodaboda imetuletea mivunjiko ya mguu ambayo mfupa unatoka nje na kugusa udongo. Miezi inapita, ngozi inaziba, linabaki tundu dogo linalotoa usaha, linakauka, linafunguka tena. Tundu hilo ni mlango. Ndani mna kipande cha mfupa uliokufa ambamo bakteria wamejenga makao. Antibaiotiki haziwafikii, maana mfupa mfu haupitiwi na damu. Hadi kipande kile kitolewe kwa upasuaji, mlango hautafungwa.

Wapo vijidudu wa pekee. Kidonda cha Buruli kilipata jina lake ng'ambo ya ziwa letu, kutokana na kaunti ya Buruli nchini Uganda ambako kilichunguzwa sana katika miaka ya 1960, ingawa daktari Albert Cook alikuwa amekwisha kuviona vidonda vya namna hiyo Mengo, Kampala, mwaka 1897. Bakteria wake ni wa ukoo mmoja na wa kifua kikuu na ukoma. Hutoa sumu inayoyeyusha nyama chini ya ngozi huku ikizima maumivu, hivyo kingo za kidonda huning'inia, na chini yake ni pango. Huanza kama kiuvimbe kisichouma, na kwa kuwa hakiumi, hakuna anayekwenda hospitali. Tanzania hakionekani mara kwa mara, lakini anayeishi karibu na vinamasi na ana kidonda kisichouma chenye kingo zenye mapango anastahili kuchunguzwa, kwa kuwa kinatibika kwa dawa mbili zinazotumiwa pamoja kwa wiki nane, rifampisini na klarithromaisini.

Yupo pia ndugu anayeogopwa kuliko wote. Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin alieleza mwaka 1828 vidonda vinavyoota juu ya makovu. Baadaye ikafahamika kwamba baadhi hugeuka saratani ya ngozi, na jina lake likabaki. Mwanza ina habari zake yenyewe: mwaka 2012 madaktari wa Bugando walichapisha taarifa ya wagonjwa 56 wenye saratani hiyo. Karibu tisa kati ya kumi walianzia kwenye kovu la moto. Kwa wastani ilipita miaka 11 tangu walipoungua hadi saratani ilipotambuliwa, na ni mmoja tu kati ya watano aliyekuwa amepandikizwa ngozi alipoungua. Mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto au aliyeunguzwa na kibatari, akaachwa kidonda kijifunge chenyewe kwa miezi, anaweza kukutana tena na moto uleule akiwa mtu mzima. Kidonda cha zamani kikianza kuinua kingo kama koliflawa, kikanuka kwa namna mpya au kutoa damu bila kuguswa, hakihitaji kufungwa tena. Kinahitaji kipande kikatwe ukingoni kipelekwe maabara.

Tunavyomimina

Turudi kwenye ile orodha ya mpagazi, si kwa kumcheka. Alichofanya ndicho wengi wetu tungefanya, na baadhi ya vitu hivyo tulifundishwa hospitalini.

Unga wa kapsuli hukauka juu ya kidonda ukawa gamba, na chini ya gamba utando wa bakteria unastawi. Dozi yake haijulikani, hivyo kazi inayoifanya kwa uhakika ni kuwazoesha bakteria dawa. Spiriti, na haidrojeni peroksaidi yenye povu la kuridhisha macho, zinaua na seli changa za mafundi. Hata Eusol, maji ya klorini yaliyobuniwa Edinburgh wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kutumika kwenye wodi zetu kwa vizazi, yana kasoro hiyohiyo. Kinyesi cha ng'ombe na majivu huleta hatari ya pepopunda. Maji ya ziwa nayo, ambayo wavuvi huamini yanasafisha, yana bakteria wanaopenda majeraha, na kwenye ufuo yana kichocho. Maji ya bomba yaliyochemshwa yakapoa, au maji ya chumvi ya dripu, yanatosha kabisa kuoshea kidonda.

Kisha kuna ile amri ya kila bibi na kila mkunga: kiache kipate upepo kikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter aliwatia nguruwe majeraha madogo, mengine akayaacha wazi, mengine akayafunika kwa karatasi ya plastiki. Yaliyofunikwa yakabaki na unyevu, na ngozi ilitambaa juu yake karibu mara mbili kwa haraka. Ngozi mpya hutambaa juu ya unyevu. Ikikuta gamba kavu inalazimika kupita chini yake. Unyevu lakini si mafuriko. Kidonda kinachomwaga maji hufungwa kwa kitu kinachonyonya, kikavu hupakwa kitu kinacholainisha, na gozi iliyoganda ising'olewe kavukavu: ilowanishwe kwanza, la sivyo unang'oa kazi ya wiki nzima.

Asali je? Haistahili dharau. Ni nzito, hunyonya maji, na bakteria wengi hawaipendi. Ushahidi wake ni mzuri kwa majeraha ya moto ya juujuu, hafifu zaidi kwa vidonda sugu. Inayotumika hospitalini husafishwa kwa mionzi, kwa sababu asali ya mzinga inaweza kuwa na mbegu za vijidudu. Hata hivyo kumbuka zamu yake: asali inasaidia mafundi, haizimi tingatinga.

Kazi na mpangilio wake

Tiba nzuri ya donda ndugu si ya siri wala si ya kifahari, ila ina mpangilio, na kuruka hatua ndiko kunakoifanya ishindwe.

Anza na mtu. Apimwe sukari, wingi wa damu, presha, na ashauriwe kupima VVU. Mapigo ya damu miguuni yaguswe, ganzi ipimwe. Kidonda chenye kina kipigwe picha ya eksirei, na kifaa safi kikigusa kitu kigumu kama jiwe ndani yake, huenda mfupa umeshahusika.

Halafu nyama mfu iondolewe kwa kisu, na mtu anayejua, mara nyingi kadiri inavyorudi. Hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kuuvuruga utando. Isipokuwa mguu usiopata damu: huo usikatwe wala kukwanguliwa kabla mishipa haijaangaliwa. Antibaiotiki za kumeza au sindano zina nafasi yake, wekundu unapoenea, joto linapopanda, homa inapoingia au mfupa unapoguswa. Kidonda chenye bakteria bila dalili hizo hakihitaji vidonge, na kila kidonge kisichohitajika kinalipiwa na mgonjwa mwingine ambaye dawa itamkataa.

Kisha mzigo uondolewe. Wa unyayo asikanyage, wa damu isiyorudi abanwe, aliyelala kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, kwa sababu kidonda cha makalio cha mzee aliyepooza hakina ndugu mwingine zaidi ya godoro na mfupa wake mwenyewe.

Na ale. Kidonda kipana hutoa protini kila siku kupitia yale majimaji, na mwili hauwezi kufuma kolajeni kwa ugali na chai ya rangi. Inasikitisha kwamba mtu anayebeba dagaa tangu alfajiri anarudi nyumbani kula mlenda mtupu. Kopo moja la dagaa, maharage, yai, maziwa ya mgando ya Kisukuma, na tunda lenye vitamini C ni sehemu ya cheti cha dawa kama zilivyo gozi na bandeji.

Futi kamba na uzi

Hatua ya mwisho ndiyo tunayoshindwa zaidi, nayo haigharimu kitu. Ingia chumba cha dresingi chochote, sikiliza. "Kinaendelea vizuri, mama, njoo Jumatatu." Vizuri kwa kipimo gani? Muuguzi wa Jumatatu si wa Alhamisi. Daftari linasema kidonda kimesafishwa na kufungwa, miezi mitatu mfululizo, kwa maneno yaleyale. Hakuna mahali palipoandikwa urefu na upana.

Futi kamba ya fundi cherehani inatosha. Pima urefu, pima upana, zidisha, andika tarehe. Utafiti wa vidonda vya kisukari uliochapishwa 2003 ulionyesha kwamba kidonda ambacho eneo lake halijapungua kwa nusu ndani ya wiki nne kina nafasi ndogo ya kupona ndani ya wiki 12 kwa tiba ileile. Wiki nne, si masika mawili. Zikipita bila kupungua, usibadilishe dawa ya kupaka. Rudi kumtafuta ndugu ambaye hukumwona. Huenda mshipa, huenda mfupa, huenda kipande cha ukingo kinatakiwa maabara, au kidonda ni kisafi na kipana tu, kinasubiri kupandikizwa ngozi. Hapo ndipo rufaa inapotakiwa, na njia imefupika: tangu Juni 2025 anayetoka Sengerema hasubiri tena kivuko cha Busisi, anapita juu ya daraja la kilomita tatu. Daraja limepunguza saa za njiani. Miezi inayopotea kwenye zahanati kabla barua haijaandikwa haimo katika kilomita hizo.

Haya yanawezekana kwetu. Mradi wa Hatua kwa Hatua, ulioanza Tanzania miaka ya 2000 akiwamo huyo Dk. Abbas wa habari ya panya, uliwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kukagua mguu wa mwenye kisukari kabla haujawa kidonda. Kifaa chao cha msingi ni uzi wa nailoni uliopachikwa kwenye kishikio, unaopinda ukisukumwa kwa nguvu ya gramu 10. Mtu anafumba macho, unagusa unyayo, anasema amesikia au hakusikia. Pale asiposikia, ndugu wa donda amejitaja kabla donda halijazaliwa.

Wavuvi wa ziwa wanaujua uzi wa jamaa hiyo vizuri sana. Nyavu za timba hufumwa kwa nailoni ya uzi mmoja kama huo, na serikali huzichoma moto kwa sababu hunasa hata samaki wachanga ambao wavu halali ungewaacha wapite. Majini ni kosa. Kwenye chumba cha dresingi ndiyo kazi tunayoitaka: kumnasa ndugu akiwa bado mdogo.